Mwanamke Aliyeanguka Mara Mbili

Duka langu la kunyolea linatazamana na karakana ya Mama Magodoro. Kati yetu kuna njia nyembamba ambayo gari dogo likitaka kupita lazima likunje vioo vyake vya pembeni kwanza. Juu ya karakana yake limesimama jengo la ghorofa nne, rangi imebanduka, kila ghorofa na baraza lake la chuma ambako watu huanika nguo na kusikiliza mambo yasiyowahusu. Mimi nina miaka kumi na tisa pale, na katika miaka yote hiyo sijawahi kufungua duka kabla yake.

Kila asubuhi alifungua kufuli tatu za mlango wa chuma, akatoa kigoda chake nje, akanyoosha mguu mmoja, akaanza kushona. Sindano yake ilikuwa ndefu kama kiganja, na uzi aliupaka nta ili usikatike. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mchache wa maneno, na bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Sisi tulidhani ni kazi ya kubeba magodoro. Hatukuuliza.

Mtaa wetu una sifa mbaya, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya kweli. Simu huipokei ukiwa barabarani. Maduka hufungwa jua likiwa bado juu ya mapaa. Wapo vijana wa kona, na kila mtu anajua kazi yao, na kila mtu anajifanya hajui. Karakana ya Mama Magodoro ilivunjwa mara nne. Mara ya mwisho walichukua hata mkasi. Yeye hakwenda polisi, wala hakupiga kelele. Alikwenda nyumbani kwa mama wa mmoja wa wale vijana, akaketi, akaulizia hali ya mgonjwa wa nyumba ile, kisha akasema godoro la mgonjwa lingechelewa kidogo kwa sababu hana cha kukatia kitambaa. Alfajiri yake mkasi ulikuwa mlangoni, umefungwa vizuri kwenye gazeti, umenolewa. Huyo ndiye mama tuliyekuwa tukimfahamu. Kumbe hata robo yake tulikuwa hatuijui.

Ni lazima nieleze kuhusu ile picha. Miaka thelathini iliyopita, kabla mimi sijahamia pale, watu wa sinema walikuja kutengeneza filamu ya mapigano katika mtaa wetu. Stelingi alikuwa askari wa kike aliyetumwa peke yake kuwasaka majambazi. Katikati ya picha, adui anamsukuma kutoka ghorofa ya tatu, anapinduka juu ya chuma cha baraza, anaanguka chali juu ya meza ya muuza mitumba, anainuka, anajipangusa, na kuanza kupigana upya. Kipande hicho watoto wa mtaa wanakijua kwa moyo. Wamekiigiza vitandani mwao mpaka chaga zikavunjika. Mwigizaji mwenyewe alizeeka akihojiwa redioni juu ya siku ile: jinsi alivyopiga moyo konde, jinsi alivyofumba macho na kujiachia.

Picha ilipata umaarufu, nasi tukapata jina. Tangu hapo, ukitaja unapoishi, mtu anashika mfuko wake.

Basi mwaka juzi tukasikia kwamba picha ile inatengenezwa upya, na mahali ni palepale. Wakaja na magari matano. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, aliyezoea kusema tafadhali. Mwenye kushika fedha na ratiba alikuwa bwana mmoja mnene asiyetulia, ambaye kila baada ya sentensi mbili alitazama mkono wake wa kushoto. Kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza mtaa ulikwisha kumbatiza Bwana Saa. Na alikuwapo mkufunzi wa mapigano, bondia wa zamani, kazi yake kuwafundisha waigizaji kupigwa bila kuumia. Yeye alinyoa kipara, kwa hiyo siku ya tatu alikuwa ameketi kwenye kiti changu.

Nilipokuwa nampaka povu akaniambia jambo lililokuwa likimsumbua. Alikuwa ameitazama picha ya zamani polepole, hatua kwa hatua, ili ajue lile anguko lilifanywaje. Na kadiri alivyoitazama ndivyo alivyozidi kuamini kwamba anayeanguka si mwigizaji. Anayeanguka ana kovu refu kwenye muundi wa mguu wa kulia, kovu la moto, lenye umbo la jani. Mwigizaji hana.

"Nataka kumjua huyo mtu," alisema. "Ameanguka vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumfundisha."

Wembe wangu ulisimama hewani. Kwenye kioo mbele yetu ulionekana mlango wangu, na nje ya mlango njia, na ng'ambo ya njia Mama Magodoro kwenye kigoda chake, mguu wa kulia ameunyoosha kama kawaida yake. Kovu lile nilikuwa nikiliona kila siku ya Mungu. Niliwahi hata kumuuliza, akaniambia ni pasi ya mkaa, alipokuwa mtoto.

 Nilimgeuza yule bondia kichwa kwa vidole viwili, kama ninavyowageuza wateja wote, mpaka akatazama pale nilipokuwa natazama.

Alivuka njia na povu lake upande mmoja wa kichwa. Nami nikamfuata na taulo, maana singeweza kubaki nyuma hata kama duka lingeungua. Akachuchumaa mbele ya yule mama, akamwamkia kwa heshima, akamuuliza kama ni yeye aliyeanguka kwenye ile picha.

Mama Magodoro hakuacha kushona. Alivuta uzi, akaukaza, akafunga fundo.

"Nani kakuambia?"

"Mguu wako, mama."

Akautazama mguu wake kwa muda, kama mtu anayemtazama mtoto aliyetoboa siri ya nyumba. Kisha akacheka, kicheko kifupi, akaniambia mimi nilete kiti kimoja cha dukani kwa ajili ya mgeni.

Alitusimulia huku mikono ikiendelea na kazi. Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na miwili, na karakana ilikuwa ya baba yake. Watu wa sinema walikuwa wamemwajiri mwanamume wa kuruka badala ya mwigizaji. Wakamvika gauni, wakampandisha ghorofa ya tatu. Yule bwana akachungulia chini, akakumbuka kwamba mkewe ni mjamzito, akavua gauni na kuondoka. Magodoro ya kuangukia yalikuwa yamenunuliwa kwa baba yake, na yeye ndiye aliyeyabeba. Tangu utotoni alikuwa akiruka kutoka darini kwenye milima ya sufi na pamba, akipigiwa kelele na mama yake. Akasema yeye anaweza. Baba yake alikataa, kisha akamtazama bintiye usoni, akaona hakuna kukataa kutakakosaidia. Kwa hiyo akapanga magodoro mwenyewe, moja moja, akayajaribu kwa goti na kwa kiwiko.

Akaruka. Alituambia kwamba alipokuwa hewani hakuhisi hofu, alihisi kama mtu aliyetua mzigo. Akatua katikati, mzima. Watu wakapiga makofi. Ndipo wakasema kamera ilikwama, hawakupata kitu, arudie.

Hapo akatafuta uzi mwingine.

Baba yake alikuwa ameitwa ndani na mteja. Magodoro kwa juu yalionekana safi kabisa. Akapanda ngazi akikimbia, akaruka mara ya pili, na safari hiyo alifika hadi chini. Bega likavunjika sehemu mbili. Wenye picha walikuwa wamepata walichotaka, wakapakia taa zao na kuondoka mchana uleule. Wanawake wa lile jengo waling'oa mlango wa bafu, wakamlaza juu yake, wakambeba kwa miguu hadi hospitali wakipokezana. Jina lake halikuandikwa popote. Na baba yake, tangu siku ile hadi siku ya kufa kwake, hakuwahi kujisamehe kwamba alikwenda kumhudumia mteja. Mtu akiigusia tu ile picha mbele yake alikuwa anaacha kula. Ndiyo maana binti yake alilifunga jambo lile kama linavyofungwa godoro, mshono kwa ndani, hata mwanawe wa kumzaa asijue.

Mkufunzi alipomaliza kusikiliza, povu kichwani mwake lilikuwa limekauka. Akamweleza shida yake. Siku hizi watu huangukia mfuko mkubwa wa hewa, nao wanao, ila njia yetu ni nyembamba, mfuko hauingii. Anataka kutumia njia ya zamani: maboksi matupu chini, magodoro juu. Yeye anajua mapigano. Vitanda vya kuangukia havijui vizuri hivyo. Je, mama atakubali kuwatengenezea?

Aliomba muda wa kufikiri hadi kesho yake.

Jioni binti yake, ambaye ni muuguzi, alipita kutoka kazini kama ilivyokuwa desturi yake. Sauti yake niliisikia nikiwa bado nafagia nywele. Kwanza alilia kwa sababu hakuambiwa. Kisha akawa mkali. Yeye ndiye anayepokea watu walioanguka, alisema, wa kwenye majengo na wa kwenye ngazi. Anajua mgongo ukivunjika unakuwaje. Hakutaka mama yake awe na mkono katika jambo kama hilo, hata mkono wa kushona tu.

"Mwanangu," Mama Magodoro alimjibu, "wataruka niwepo nisiwepo. Bora niwepo."

 Asubuhi yake yule binti aliomba ruhusa kazini ili siku ya kuruka awe pale na mkoba wake wa dawa.

Kwa wiki tatu njia yetu ikawa na kazi isiyokuwa ya kawaida. Aliyeajiriwa kuanguka alikuwa msichana wa sarakasi, mwenye miaka ishirini na mitatu, misuli imekaza kama kamba, na kiburi chake kidogo. Alifika akitembea kwa mikono. Mama Magodoro akamwangalia kuanzia vidoleni mwa mikono hadi nyayoni, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa amesimama, akamwambia hiyo ni nzuri, sasa alale chini.

Siku mbili nzima alimfundisha kulala tu. Kulala chali, mwili wote ufike kwa pamoja, kidevu kifuani, mikono isitangulie kutafuta ardhi. Alimwambia miguu ni ya kutembelea, mgongo ndio wa kuangukia. Msichana alinung'unika kwangu kwamba amekuja kuruka, siyo kulazwa kama mtoto wa chekechea. Siku ya tatu wakaanza kutoka juu ya meza, kisha juu ya ukuta, kisha ghorofa ya kwanza. Kufikia wiki ya pili alikuwa anamwita mama, na hatembei tena kwa mikono mbele yake.

Kitanda chenyewe kilikuwa kazi ya kutazamwa. Maboksi tisini na sita, yote ya ukubwa mmoja, mdomo umekunjwa bila gundi ili hewa ipate pa kutokea. Alipita akiyagonga kila moja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Yaliyolia vibaya aliyatupa. Akayapanga safu tatu kwenda juu, akayafunga kwa kamba kiunoni, juu akatandika magodoro manne aliyoyajaza yeye mwenyewe, sponji laini juu, ngumu chini. Pembeni mwa ukuta akaongeza safu nyingine ambayo hakuna aliyemwomba. Bwana Saa alipouliza ile ya pembeni ni ya nini, akajibiwa ni ya upepo. Bwana Saa akatazama saa.

Mkufunzi alikuwa ameomba maboksi ya vitanda viwili. Bwana Saa alikuwa ameleta ya kimoja. Wakati ule hilo hatukulijua.

Siku ilipofika, mtaa mzima ulikuwa barazani. Hata vijana wa kona walikuja, wakasimama kwa adabu nyuma ya kamba, mikono mifukoni, mifukoni mwao wenyewe angalau siku hiyo. Ilikuwa yapata saa tisa alasiri. Mitumba ilitandazwa juu ya magodoro, meza ya mchuuzi ikawekwa mbele, ukitazama usingejua kuna kitanda. Msichana alisimama ghorofa ya tatu katika sare ya askari. Mkufunzi akahesabu. Adui akamsukuma, akapinduka juu ya chuma, mgongo ukafunguka hewani, na kabla sijamaliza kumeza mate alikuwa amekwisha tua katikati, na mitumba imeruka juu kama kuku walioshtushwa.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Muuguzi alikuwa amefumba macho. Akayafumbua, akamwona msichana ameinua mkono, akaketi kwenye kizingiti cha duka langu.

Kisha nikamwona mpiga picha akinong'ona na mwongozaji. Kamera ya chini, iliyokuwa ya muhimu kuliko zote, ilikuwa haikuona sawasawa. Uso umetoka na ukungu. Inabidi kurudia.

Bwana Saa alikuwa wa kwanza kusema ni sawa, hakuna tatizo, ila ni sasa hivi, kabla jua halijavuka jengo. Wasaidizi wakatandaza mitumba upya haraka haraka. Kitanda kilionekana vilevile kama mwanzo. Msichana, damu ingali moto, alikuwa tayari anapanda ngazi, anaruka mbili mbili.

Mama Magodoro aliinuka kwenye kigoda chake. Akavuka njia bila haraka, akaondoa viatu vyake, akavipanga pembeni, akapanda juu ya kitanda, akajilaza chali katikati ya mitumba, mikono tumboni.

Mwanzoni watu walicheka. Bwana Saa hakucheka. Alimwambia mama tafadhali ashuke. Hakushuka. Akamweleza kuhusu jua, kuhusu kibali cha kufunga njia kinachokwisha leo, kuhusu watu arobaini wanaomsubiri yeye. Alisema maneno mengi, na mengine hayakuwa ya kumwambia mtu mzima. Mama Magodoro alikuwa kama aliyetia pamba masikioni. Alitazama juu tu, lilipo baraza la ghorofa ya tatu.

Msichana alichungulia kutoka kule juu. "Mama, mimi sijaumia hata kidogo. Niache niruke."

Ndipo aliponena, bila kupaza sauti, na bado kila mtu alisikia, kwa sababu njia nzima ilikuwa imenyamaza.

"Hata mimi mara ya kwanza sikuumia. Niliumia mara ya pili."

Akaongeza kwamba godoro likishampokea mtu limechoka, na uchovu wake uko ndani, hauonekani. Kitanda kifunguliwe chote, kipangwe upya, ndipo yeye atashuka. La sivyo, msichana aruke yeye akiwa palepale alipolala.

Bwana Saa alimgeukia mwongozaji ili aseme. Yule kijana mwenye sauti ya chini alitazama jua, akatazama watu wake, akamtazama yule mama na bega lake lililoshuka. Akasema kitanda kifunguliwe.

Mkufunzi ndiye aliyefungua kamba. Walipotoa magodoro, safu ya juu ya maboksi ilikuwa imebonyea, jambo ambalo kila mmoja alilitarajia. Walipotoa safu ya juu, ya kati ilikuwa imelala kabisa. Na ya chini, pale katikati mgongo wa msichana ulipofikia, maboksi sita yalikuwa bapa kama karatasi. Chini yake ni zege.

Bwana Saa aliinama, akaweka kiganja chake pale. Alikiacha muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Aliponyanyuka hakutazama saa. Alimwendea Mama Magodoro, ambaye sasa alikuwa ameketi anavaa viatu, akamwambia kwamba maboksi mengine hana. Alikuwa amepunguza. Alilisema hilo mbele za watu, na kwa hilo nami nilimpa heshima yake.

Hapo ndipo mtaa wetu ulipofanya jambo ambalo halimo katika picha yoyote. Mwanamke wa ghorofa ya pili alipaza sauti kwamba yeye anayo maboksi matatu chini ya kitanda. Wa ghorofa ya nne akasema ana saba. Mwenye duka la dawa akafungua stoo. Mimi nilimwaga sabuni na taulo zangu mezani, nikatoa yangu mawili. Ngazi zilijaa watu wanaoshuka na maboksi vichwani. Vijana wa kona walipotea kwa nusu saa, wakarudi wakisukuma mkokoteni wenye maboksi ishirini mapya kabisa, yote ya televisheni. Hakuna aliyeuliza televisheni zenyewe ziko wapi. Mama Magodoro aligonga moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika.

Maboksi hayakuwa na ukubwa mmoja, kwa hiyo yeye na mkufunzi walilazimika kutumia akili: wakayachagua, wakayapima kwa kamba, makubwa chini, madogo juu, mapengo wakayajaza vipande vya sponji. Jua lilikuwa limekwisha ondoka. Bwana Saa alikwenda mwenyewe kuomba kibali cha siku moja zaidi, akakipata.

Mwongozaji alikuwa ameketi kwenye ngazi anatazama ule msafara wa maboksi. Akamuuliza Mama Magodoro kama mtaa huu daima uko hivi. Akamjibu kwamba siyo daima. Kisha akamsimulia habari ya mlango wa bafu na wale wanawake waliombeba, na kwamba katika ile picha ya zamani, askari anapoanguka, madirisha yote yanafungwa kwa kishindo, moja baada ya jingine. Jambo hilo lilimuuma kuliko bega, alisema. Bega lake lilivunjwa na zege, lakini yale madirisha yalifungwa na mtu aliyekaa akaandika.

 Kijana yule aliomba kalamu.

Kesho yake, saa tisa ileile, msichana aliruka tena. Upepo ulimgusa alipokuwa hewani, ukampeleka ukutani, akatua juu ya ile safu ya pembeni ambayo hakuna aliyeiomba. Alibaki amelala, akitazama mbingu, kisha tukasikia kicheko chake. Mama Magodoro hakupiga makofi. Alipenyeza mkono chini ya mgongo wa yule msichana, akapapasa, akahesabu kitu kimoyomoyo, ndipo akamshika mkono na kumwinua. Muuguzi safari hii alitazama mwanzo hadi mwisho.

Picha ilipotoka, tuliitazama Jumapili mchana katika ukumbi wa shule, watu wamebanana mpaka madirishani. Sitadanganya kwamba kila mtu alifurahi. Bado mtaa wetu ulionekana umejaa bunduki, na mzee mmoja nyuma yangu alilalamika kuwa hajawahi kuona bunduki nyingi hivyo hata katika ndoto mbaya. Lakini askari alipoanguka, madirisha yalifunguka. Wanawake wakashuka wakikimbia, na wawili wao wamebeba mlango.  Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa mmoja wa wale wa kweli, alijifunika uso kwa mtandio.

Mwisho majina yalipopita, tuliona palipoandikwa waliotengeneza kitanda cha kuangukia: jina lake, na chini yake jina la baba yake. Yeye ndiye aliyeomba iwe hivyo. Binti yake alilisoma jina la babu yake kwa sauti, polepole, kama anayelijaribu mdomoni. Na yule mwigizaji wa zamani, alipoulizwa redioni wiki ile, alikiri kwamba siku ile huenda alisaidiwa kidogo. Mama Magodoro alicheka hadi akaweka sindano chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Kazi za sinema zimemfuata tangu hapo. Ameitwa miji miwili mingine, amepanda ndege, na uwanjani walimzuia karibu saa nzima kwa sababu ya sindano yake ile ndefu, hadi akawashonea mbele yao kiti kilichochanika ndipo wakaelewa ni ya nini. Lakini karakana hajaifunga. Na Jumamosi asubuhi wasichana sita huja kwake kujifunza kuanguka. Yule wa sarakasi humsaidia akiwa mjini. Mmoja wa hao sita ni binti yangu wa pili. Nilipompeleka nilidhani ataanza kwa kuruka. Huu ni mwezi wa pili sasa, na kila Jumamosi anarudi nyumbani na vidole vimechomwa sindano, kwa kuwa kule sheria ni kwamba hakuna anayeruka juu ya godoro ambalo hajalishona mwenyewe. Lake limebakiza upande mmoja. Mama yake ananiuliza kila siku kama litamalizika lini, nami namwambia lisiharakishwe.